Mtoto mwenye usonji na hisia zake: maswali ya wazazi na walimu, na majibu kutoka utafiti wa Marian Sigman

Marian Sigman alikuwa mwanasaikolojia wa makuzi ya watoto katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Kwa karibu miaka 30, mpaka alipofariki mwaka 2012, alifuatilia watoto wenye usonji (autism), hali inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na wengine, na alichunguza jambo ambalo wazazi hulibeba moyoni kabla hawajathubutu kumuuliza daktari: mtoto wangu asiyesema, asiyenitazama, anahisi nini? Aliloligundua ni kwamba hisia zipo, na upendo kwa mzazi upo. Kinachokwenda tofauti ni namna mtoto anavyozitoa hisia hizo ili mwingine azishiriki, na namna anavyozipokea za wenzake. Tofauti hiyo inabadilisha kabisa kile mzazi anachopaswa kufanya nyumbani, ndiyo maana nimekusanya hapa maswali ambayo wazazi na walimu huyarudia.

Watafiti wa usonji ni wengi. Kwa nini huyu?

Kwa sababu alianza na watoto wadogo, wengi wao wakiwa hawajaanza kusema. Mwaka 1985 Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith walitoa jaribio lao maarufu huko London, la mwanasesere anayetafuta gololi iliyohamishwa, kupima kama mtoto anaelewa kilichomo kichwani mwa mwingine. Ni jaribio zuri, ila linamtaka mtoto asikilize kisa na kujibu swali. Mtoto wa miaka mitatu asiye na neno hata moja hawezi kulifanya. Sigman na wenzake, Peter Mundy, Judy Ungerer, Connie Kasari, Nurit Yirmiya na wengine, walitumia vitu ambavyo mtoto yeyote anavijua: kitu cha kuchezea kinachotembea chenyewe, mama anayetoka chumbani na kurudi, mtu mzima anayeumia kidole. Halafu walirekodi video na kuhesabu: alitazama wapi, kwa sekunde ngapi, alitabasamu lini.

Walifanya pia jambo moja ambalo lilikuwa halijazoeleka. Hawakuwalinganisha watoto wenye usonji na watoto wasio na tatizo peke yao. Waliwaweka pia watoto wenye sindromu ya Down au ulemavu mwingine wa akili waliokuwa na kiwango sawa cha uelewa. Bila kundi hilo la tatu usingejua kama unachokiona ni usonji au ni ucheleweshaji wa jumla.

Nikirudi kutoka kazini mwanangu hanikimbilii, wala hageuki. Ina maana hanijali?

Hapana, na hapa kuna ushahidi wa wazi. Mwaka 1984 Sigman na Ungerer waliwaangalia watoto 14 wenye usonji. Mama alitoka, mtoto akabaki na mtu asiyemjua, kisha mama akarudi. Enzi hizo vitabu vilidai kwamba watoto hawa hawana mtu wanayeshikamana naye, kwamba kwao mama na kiti ni vilevile. Haikuwa hivyo. Mama aliporudi watoto walimsogelea na kumwelekea yeye kuliko yule mgeni.

Walichokifanya kilikuwa kidogo kwa mtazamaji. Wengine hawakulia mama alipotoka, wala hawakunyoosha mikono aliporudi. Lakini mwili ulimfuata mama. Kwa hiyo usiangalie tu kama anakukimbilia mlangoni. Angalia baada ya dakika tano amekaa wapi. Angalia anamwendea nani akiumwa tumbo usiku. Angalia kama anakubali kulishwa au kuogeshwa na mtu mwingine sawasawa na wewe. Majibu ya maswali hayo yatakueleza zaidi kuliko salamu ya mlangoni.

Miaka kumi baadaye, 1994, Lisa Capps, Sigman na Mundy walirudi kwenye suala hilohilo kwa vipimo vikali zaidi. Wakakuta baadhi ya watoto wana uhusiano ulio salama kabisa na mama zao, kwa maana ileile inayotumika kwa mtoto yeyote.

Mama mkwe anasema nilimdekeza. Majirani wanasema nilimwacha sana na dada wa kazi. Je, ni malezi yangu?

Si malezi yako. Ningependa jibu hili libandikwe ukutani katika kila kliniki ya watoto.

Lawama hii ina historia. Leo Kanner, daktari wa Baltimore, alieleza usonji mwaka 1943 kupitia watoto 11, na katika andiko hilo alisema wazi kwamba watoto hawa huzaliwa wakiwa na ugumu wa kuungana kihisia na watu. Lakini aligusia pia kwamba wazazi wengi aliowaona hawakuwa na uchangamfu, na cheche hiyo ikawasha moto. Kufikia miaka ya 1960 Bruno Bettelheim, mkuu wa shule ya watoto huko Chicago, alikuwa akiuambia ulimwengu kwamba akina mama wasio na mapenzi ndio wanaowafanya watoto wajifungie. Akina mama wengi waliamini wamewaharibu watoto wao wenyewe. Aliyepinga kwa nguvu alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, katika kitabu chake cha 1964. Kisha mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha na kuonyesha kwamba urithi una nafasi kubwa. Kazi ya Sigman ya 1984 iliongeza kilichokuwa kikikosekana: picha ya mtoto mwenyewe, akimtafuta mama yake.

Kwetu lawama inavaa nguo nyingine. Watafiti waliozungumza na wazazi na wataalamu katika pwani ya Kenya, na matokeo yao kuchapishwa mwaka 2015, walisikia habari za pepo wabaya, uchawi na laana, zikiwa sambamba na maelezo ya kitabibu. Si jambo la kuwacheka watu. Mtu asiyepewa maelezo na hospitali atayatafuta kwingine. Lakini matokeo yake ni yaleyale: mama anatazamwa kama aliyefanya kosa, na nguvu ambayo ingemwendea mtoto inaishia kwenye kujitetea.

Ananivuta mkono hadi kwenye kabati akitaka biskuti. Kwa hiyo anawasiliana. Mbona mwalimu anasema kuna kitu kimekosekana?

Mwalimu ameona vizuri, na wewe pia umeona vizuri. Hapa ndipo kiini cha kazi ya Sigman kilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtoto mdogo hunyoosha kidole kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuomba: nataka ile, nifungulie, nishushie. Ya pili ni kuonyesha: tazama, mbuzi! Hataki umpe mbuzi. Anataka muwe wawili mnaomwona mbuzi yuleyule. Kabla ya kutimiza mwaka mmoja na nusu, watoto wengi hufanya hivi kutwa nzima, mpaka wanachosha: wanatazama kitu, wanakutazama wewe, wanarudi kwenye kitu. Tuiite kuangalia pamoja.

Mwaka 1986 Mundy, Sigman na wenzao walionyesha kwamba upungufu mkubwa wa watoto wenye usonji uko kwenye kuangalia pamoja zaidi ya kwenye kuomba. Mtoto anaweza kuwa hodari wa kuomba biskuti na bado asikuonyeshe ndege hata siku moja. Watoto wenye ulemavu wa akili wa kiwango kilekile cha uelewa walionyesha. Ndiyo maana tabia hii leo imo katika karibu kila kipimo cha awali cha usonji duniani.

Mwaka 1990 Kasari, Sigman, Mundy na Yirmiya waliuliza swali la hisia: mtoto anapokutazama akikuonyesha kitu, uso wake ukoje? Watoto wenye makuzi ya kawaida walitabasamu sana wakati wa kuonyesha. Watoto wenye usonji hawakuwa na kiwango hicho cha furaha. Kwa hiyo kuangalia pamoja si zoezi la macho. Ndani yake mna raha ya kushiriki jambo na mwenzako, na ni raha hiyo ambayo mtoto mwenye usonji haimfikii kwa urahisi kwa njia hii ya kawaida.

Na kuna matokeo ya baadaye. Katika utafiti mwingine wa mwaka huohuo, watoto wenye usonji walioonyesha zaidi kwa ishara ndio waliopiga hatua zaidi katika lugha miezi 13 baadaye. Ukifikiri, inaeleweka. Maneno mengi mtoto huyapata pale mtu mzima anapotaja kitu ambacho wote wawili wanakitazama. Ukisema "kuku" huku yeye akitazama tairi la baiskeli, neno limepotea, au baya zaidi, limebandikwa kwenye tairi.

Anamaliza fumbo la picha vizuri sana, halafu ananyanyuka na kuondoka. Hafurahi akifaulu?

Anafurahi. Mwaka 1993 Kasari na Sigman wakishirikiana na wenzao wawili waliwapa watoto mafumbo ya kupanga na kutazama nyuso zao. Watoto wenye usonji walitabasamu walipomaliza, kama wenzao. Tofauti ikaja sekunde iliyofuata: wengine waliinua macho kumtazama mtu mzima, wao kwa kiasi kikubwa hawakuinua. Na waliposifiwa, wengi waligeuza uso.

Mwalimu anaposoma hili, abadilishe mambo mawili. Asidhani mtoto hajali kazi yake. Na asimwagie sifa kwa sauti kubwa na makofi ya darasa zima, maana kwa mtoto huyu shangwe hiyo yaweza kuwa mzigo. Sema kwa utulivu, ukiitazama kazi badala ya uso wake: "Umemaliza. Vipande vyote viko mahali pake." Kisha mpe fumbo jingine. Kwa watoto wengi, fumbo jingine ndiyo zawadi.

Nililia mbele yake siku ya msiba wa baba yangu. Aliendelea kuzungusha magurudumu ya gari lake. Hana huruma?

Pole sana. Najua swali hili linauma kuliko yote yaliyotangulia.

Sigman alilichunguza moja kwa moja. Mwaka 1992 yeye, Kasari, Kwon na Yirmiya waliwachukua watoto 30 wenye usonji, na makundi mawili ya kulinganisha. Wakati wa mchezo, mtu mzima alijifanya amejigonga kidole kwa nyundo ya kuchezea, akalia kwa maumivu. Wakati mwingine mzazi alijilaza akijifanya anaumwa, au mtu mzima alionyesha kuogopa roboti ndogo iliyoingia chumbani. Watoto wa makundi mengine waliacha kucheza na kumkodolea macho. Wengi wa wenye usonji walitazama kidogo tu, wakarudi kwenye vitu vyao.

Sasa, mtu akiisoma karatasi hiyo peke yake atasema: basi, hawana huruma. Sigman hakuishia hapo. Kulikuwa na wazo lililopendwa na wengi, kwamba watoto hawa hugeuka kwa sababu hisia za wengine zinawaelemea. Mwaka 1998 timu yake ilipima mapigo ya moyo wakati mtu mzima akionyesha kuumia. Hakukuwa na dalili kwamba watoto wenye usonji walikuwa wakikimbia kitu kinachowatisha. Ilielekea zaidi kwamba tukio lile halikuyavuta makini yao kama lilivyoyavuta ya wengine. Hii ni tofauti kubwa. Mtoto ambaye hakuona kilio chako hajakikataa kilio chako.

Watafiti wa baadaye wameleta picha yenye sura nyingi zaidi: wapo watu wenye usonji wanaosimulia kwamba hisia za wengine huwafurika hadi wanajificha. Sidhani inabidi kuchagua upande mmoja. Maabara ilipima watoto wadogo mbele ya uigizaji, na mtoto mwenye akili anaweza kabisa kubaini kwamba nyundo ya plastiki haiumizi. Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye yeye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: sisi nasi hatuzisomi hisia zao. Nakubaliana naye. Tumewapima sana kama wanatuelewa, na tumejipima kidogo mno kama tunawaelewa.

Kwa huzuni yako ya siku ile: mwambie kwa maneno mafupi. "Mama analia. Babu amekufa. Mama ana huzuni." Usimsubiri asome uso. Wazazi wengi hushangaa siku mbili baadaye mtoto akija na kitambaa, au akirudia neno "babu" usiku.

Watoto hawa hubaki hivyohivyo?

Mwaka 1996 Cheryl Dissanayake, Sigman na Kasari waliwapima upya watoto waliokuwa wamewaona miaka mitano nyuma. Waliokuwa wakiitikia zaidi hisia za wengine walipokuwa wadogo ndio walioitikia zaidi wakiwa wakubwa. Maana yake tabia ya kila mtoto ina uzi unaoendelea, na pia kwamba watoto wenye usonji hawafanani. Usimlinganishe wako na wa jirani.

Kazi kubwa zaidi ilitoka mwaka 1999, Sigman akiwa na Ellen Ruskin. Walikuwa wameanza na watoto 70 wenye usonji wakiwa wadogo, na wakafanikiwa kuwaona tena 51 miaka kadhaa baadaye, wakiwa wanakaribia kubalehe. Baadhi walikuwa wamepata lugha baada ya umri ambao wataalamu husema mlango umefungwa. Moja ya vitu vilivyotabiri nani angepiga hatua ilikuwa ni kama mtoto, akiwa mdogo, aliweza kufuata macho na kidole cha mtu mzima kuelekea kitu. Kwa hiyo akikufikia mtu akakwambia "amefika miaka sita hasemi, basi tena", usimkubalie.

Wale wanaoongea vizuri na kufaulu darasani, hisia wanazielewa?

Wanazielewa, kwa jasho. Capps, Yirmiya na Sigman mwaka 1992 waliwauliza watoto wa namna hiyo wasimulie lini walijivunia na lini waliona aibu. Waliweza, ila walihitaji muda zaidi na kusaidiwa maswali. Katika habari za aibu, mara nyingi hawakutaja kwamba kulikuwa na watu wakitazama. Katika utafiti mwingine wa mwaka huo, wale wenye uwezo mkubwa wa kufikiri walifanya vizuri zaidi kwenye maswali ya kuelewa hisia za wenzao, jambo lililowafanya watafiti waone kwamba watoto hawa hufika kwa kupiga hesabu kichwani mahali ambapo wengine hufika bila kufikiri. Mwalimu anayemuona mwanafunzi huyu amechoka kupita kiasi saa ya mapumziko akumbuke hilo. Uwanja uliojaa watoto ndiyo somo lake gumu kuliko hisabati.

Uso wake siuelewi. Wakati mwingine anacheka na kukunja uso kwa pamoja.

Umeona jambo ambalo utafiti wa 1989 wa Yirmiya na Sigman ulilipima: nyuso za watoto wenye usonji zilikuwa na michanganyiko isiyo ya kawaida, hisia zisizopatana kwa wakati mmoja. Soma vitu vingine: mikono, mwendo, sauti, kama anakula. Andika kwenye daftari. Baada ya mwezi utakuwa na kamusi ya mtoto wako.

Nyumbani nifanye nini hasa?

Mfuate pale macho yake yalipo.

Hili halikutoka hewani. Mwaka 2002 Michael Siller na Sigman walichambua video za wazazi wakicheza na watoto wao 25 wenye usonji. Kwanza walikuta kwamba wazazi hawa waliambatana na makini ya watoto wao sawasawa na wazazi wengine. Tena lawama ikaanguka. Kisha walitazama mbele. Watoto ambao wazazi wao walizungumza zaidi juu ya kile mtoto alichokuwa tayari akikitazama, bila kumtaka abadili, walikuwa na lugha na kuangalia pamoja bora zaidi mwaka 1 baadaye, miaka 10 baadaye, hata miaka 16 baadaye.

Tuseme mtoto amekaa barazani anapanga vizibo vya soda kwa mstari. Silika yetu ni kusema: "Acha vizibo, njoo uone kitabu." Jaribu badala yake kuketi chini mbele yake, si nyuma. Shika kizibo kimoja. Sema: "Kizibo. Chekundu." Akiweka, nawe weka kimoja kwenye mstari uleule. Akikuondolea mkono, subiri, usigombe. Akitazama kizibo ulichoshika hata kwa nukta moja, taja tena. Hapo mmeangalia pamoja, na aliyeanzisha ni yeye. Dakika kumi zinatosha kwa kuanzia, ilimradi ziwe kila siku na simu iwe mbali.

Siller, Ted Hutman na Sigman waliligeuza wazo hili kuwa mafunzo ya wazazi nyumbani, yakiwa na vipindi 12 vya kila wiki, na kuyajaribu kwa familia 70. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013, Sigman akiwa ameshafariki. Wazazi walijifunza, na watoto waliokuwa na lugha ndogo kabisa mwanzoni ndio walionufaika kwa maneno. Kasari naye aliendeleza njia yake ya kufundisha kuangalia pamoja na kucheza, ambayo leo inatumiwa katika nchi nyingi.

Kwa wanaosema mambo haya yanahitaji wataalamu wa bei kubwa: mwaka 2016 yalichapishwa matokeo kutoka Goa nchini India na Rawalpindi nchini Pakistan, ambako, katika utafiti wa watoto 65, wahudumu wa kawaida waliopewa mafunzo waliwasaidia karibu nusu ya wazazi kwa njia ya namna hii, na mwitikio wa wazazi hao ukapanda. Wahudumu wa afya ya jamii tunao. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuwafundisha.

Nimshike kidevu anitazame machoni?

Usifanye hivyo. Kutazamana kwa nguvu hakuleti ile raha ya kushiriki. Kumbuka pia kwamba katika nyumba nyingi za kwetu mtoto hafundishwi kumkazia macho mkubwa. Akiinamisha uso mbele ya babu, hiyo ni adabu. Dalili itafutwe kwenye mchezo na ndugu zake na mama yake.

Utafiti wa Los Angeles unatuhusu nini sisi?

Swali la haki. Watoto wale walikuwa wachache, wengi wavulana, wametambuliwa kwa vigezo vya miaka ya 1980. Wasichana, ambao usonji wao mara nyingi hujificha, hawakusikika vya kutosha. Mambo ya desturi, kama nani anacheza na mtoto na nani anamlea, hayafanani.

Lakini Sigman huyuhuyu alifanya kazi Embu, Kenya. Kuanzia 1984 alishirikiana na Charlotte Neumann wa chuo chake na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi katika utafiti mkubwa wa lishe na makuzi. Haukuwa utafiti wa usonji. Walikwenda nyumbani kwa watu, wakahesabu mtoto anazungumzishwa mara ngapi na anajibiwa mara ngapi anapotoa sauti. Matokeo yaliyotoka 1988: watoto wa Embu waliozungumzishwa sana na kujibiwa walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya makuzi. Ni jambo lilelile aliloliona baadaye kwa watoto wenye usonji wa California, kwamba kumjibu mtoto pale alipo kuna uzito.

Ukame wa 1984 uliwakuta katikati ya kazi. Walishuhudia familia zikiwakinga wadogo: chakula cha watoto wadogo wanaoanza kutembea hakikupungua kama cha wenzao wa shule, ambao walipungukiwa, wakapoa uwanjani na kupoteza makini darasani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walirudi Embu na kuwapa watoto wa shule githeri (mahindi na maharage) iliyoongezwa nyama, maziwa au mafuta. Waliopata nyama walichangamka zaidi uwanjani na kuanzisha michezo. Mtoto mwenye njaa, awe na usonji au asiwe nao, hana nguvu ya kushiriki hisia na mtu.

Basi lishe inaponya usonji?

Hapana. Lishe bora ni haki ya kila mtoto, lakini haiondoi usonji, na usinunue dawa ya majani au unga wa bei ghali kwa ahadi hiyo.

Na chanjo?

Hazisababishi. Andiko la Andrew Wakefield la 1998, la watoto 12, liliondolewa rasmi na jarida lililolichapisha mwaka 2010, naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Mpeleke mtoto akachanjwe.

Nyumbani tunasema Kichaga na Kiswahili. Tubaki na lugha moja?

Tafiti hazijaonyesha kwamba lugha mbili zinamdhuru mtoto mwenye usonji. Sema naye kwa lugha inayokutoka moyoni. Mama anayelazimika kutumia Kiingereza cha shule hupoteza nyimbo, utani na maneno ya upendo, na hivyo ndivyo vitu ambavyo mtoto huyu anavihitaji hasa.

Nianzie wapi?

Anza na kupima masikio, maana mtoto asiyesikia naye haitiki jina. Mweleze daktari kama aliwahi kulazwa kwa malaria kali, degedege au homa ya uti wa mgongo, hasa kama alikuwa na maneno kisha akayapoteza. Omba rufaa ya kliniki ya watoto au afya ya akili katika hospitali ya mkoa au ya kaunti. Kuna shule za serikali zenye vitengo vya usonji, kama Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam na City Primary jijini Nairobi. Ofisi ya elimu maalumu ya wilaya yako itakueleza iliyo karibu. Vyama vya wazazi vipo Tanzania na Kenya, na mara nyingi ndivyo vinavyojua daktari gani anasikiliza.

Mtoto hukauka mbele ya daktari, kwa hiyo rekodi video nyumbani kwa simu kabla ya kwenda. Chukua vipande vichache vifupi: akicheza peke yake, akiitwa jina na mtu aliye nyuma yake, akitaka kitu, akikutana na watoto wenzake, na wewe ukimwonyesha kitu kwa kidole. Hakikisha uso wake unaonekana.